Mlimani au Mzumbe? Swali Linalopaswa Kututia Haya Sisi Wahadhiri

Dada yangu si mtu wa kunipigia simu kuhusu mambo ya vyuo. Tukizungumza huwa ni habari za wazazi, za misiba na za michango ya harusi. Safari hii alikuwa na haraka. Binti yake, aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa HKL, alikuwa amedahiliwa kusoma shahada ya sheria katika vyuo viwili kwa mpigo: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Mzumbe. Mwombaji wa namna hiyo hutakiwa athibitishe chuo kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa, na siku zilizobaki zilikuwa nne.

"Kaka, mimi nimeshamwambia kwamba Mlimani ni Mlimani. Hataki kunisikia mpaka wewe useme. Basi mwambie."

Nikaomba nipewe mtoto.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wewe mwenyewe moyo wako uko wapi?"

Akanyamaza, kisha akauliza: "Mjomba, ni chuo gani ambacho mtu akimaliza watu wanamheshimu?"

Andiko hili ni jibu la swali hilo, ingawa anayestahili kulisoma si yeye. Anayestahili kulisoma ni mimi, ni wenzangu tunaofundisha sheria katika nchi hii, na ni ninyi watumishi wa umma mnaokaa kwenye meza za usaili. Binti wa miaka kumi na tisa hakulibuni swali lile. Alilikuta limekwisha tayarishwa, na sisi ndio tuliolitayarisha. Nikiri pia mapema kwamba shahada yangu ya kwanza niliipata Mlimani, na kwamba mkate wangu wa leo naupata katika chuo cha tatu ambacho hakimo katika ugomvi huu. Msomaji ana haki ya kunishuku kwa hayo yote mawili.

Tuanze na jina lenyewe, kwa kuwa lina historia ya kweli na si vema kulidharau. Elimu ya juu ya nchi hii ilianza na sheria. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, chuo kikuu kishiriki kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, nacho ni cha sheria, na wanafunzi ambao wangeweza kuenea katika basi moja dogo. Waingereza walikuwa wametutawala zaidi ya miaka arobaini bila kuona haja ya kumsomesha Mtanganyika sheria. Waafrika wazalendo waliokuwa na taaluma hiyo walihesabika kwa vidole. Kwa miaka kadhaa Dar es Salaam ilisomesha wanasheria wa Afrika Mashariki nzima. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alisoma hapo. Yash Ghai alifundisha hapo. Issa Shivji alisoma hapo na kufundisha hapo, na katika miaka ile mwanafunzi wa sheria alilazimika kujua kwamba kifungu cha sheria kina mwenyewe, kina anayenufaika nacho na kina anayeumizwa nacho.

Hiyo ni fahari halali, na mimi nilionja makombo yake. Lakini kutoka kwenye fahari hiyo tumejenga hoja mbovu, na dada yangu aliirudia kama alivyoisikia: "Angalia majaji, angalia mawakili wakubwa, angalia mawaziri wa sheria. Wote Mlimani." Ni kweli. Ila hadi miaka ya 1990 aliyetaka shahada ya sheria ndani ya Tanzania hakuwa na pengine pa kwenda. Kijiji chenye kisima kimoja, wazee wake wote wamekunywa kisima hicho, wenye busara na wapumbavu. Huwezi kuwaonyesha wazee wenye busara ukasema utamu wa maji umethibitika. Ulitakiwa uwe na kisima cha pili, nacho kilichelewa mno kuchimbwa.

Na Mzumbe je? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu dharau inayomiminwa upande huo hutoka kwa watu wasiojua wanachokidharau. Pale chini ya milima ya Uluguru palianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, ambako mkoloni aliwafunza machifu, watumishi wao na madiwani. Ni asili isiyopendeza, nami siipambi. Mwaka 1972 pakawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM, na mwaka 2001 pakawa chuo kikuu kamili. Katika miaka yake ya IDM chuo hicho kiliwaandaa mahakimu wa Mahakama za Mwanzo. Msomaji aliyezaliwa mjini huenda asione uzito wa jambo hilo. Mahakama ya Mwanzo ndiyo mahakama pekee ambayo Watanzania wengi wataiona kwa macho yao maisha yao yote. Humo ndimo inamoamuliwa mirathi ya baba, talaka ya dada, ng'ombe aliyekula mahindi ya jirani. Wakati sisi wa Mlimani tukibishana kuhusu dola na tabaka hadi usiku wa manane, kijana aliyetoka Mzumbe na cheti chake alikuwa ameketi chini ya bati lenye joto akiamua nani arithi shamba. Ni nani kati yetu aliyekuwa anaitenda sheria?

Sisemi kwamba hili linaifanya Mzumbe ya leo kuwa bora. Cheti cha mahakimu cha miaka ile si shahada ya sasa, na mafunzo ya namna hiyo yamekuwa na chuo chake huko Lushoto kwa zaidi ya miaka ishirini. Nasema tu kwamba ngazi ya heshima tuliyoichora vichwani, Mlimani juu na wengine wote kwenye vipandio vya chini, haikuchorwa na mtu aliyepima kazi.

Kisha ikaja Oktoba 2022. Wasomaji wangu wengi wanaikumbuka. Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo ilitoa matokeo yake: watahiniwa 633, waliofaulu 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 342, waliofeli 265. Watu hawa walikuwa na shahada mikononi. Walikuwa wamevaa majoho, wamepigwa picha na wazazi, wamechinjiwa mbuzi. Nchi nzima ilizungumza. Waziri akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Nakumbuka vizuri mijadala ya wiki zile katika vyumba vya wahadhiri. Vyuo viliilaumu Taasisi kwamba inatunga mitihani ya kukomoa. Waliokuwa upande wa Taasisi walivilaumu vyuo kwamba vinawapelekea watu wasioweza kuandika hati ya madai. Wanafunzi walilaumu wote wawili. Na kila chuo, kila kimoja, kilikuwa na hakika kwamba tatizo ni vyuo vingine.

Hilo ndilo lililoniudhi, na bado linaniudhi. Katika idadi ile ya 607 ambao hawakufaulu kwa mara ya kwanza, haiwezekani chuo chochote kikubwa kikasema mikono yake ni safi. Iwe Mlimani, iwe Mzumbe, iwe kwetu. Jina la chuo halikuingia kwenye chumba cha mtihani pamoja na mtahiniwa.

Nitasema kwa nini nadhani walianguka, na nitaanza na nafsi yangu. Mwaka 2016, nikisahihisha mitihani, nilikuta watahiniwa kadhaa wakinukuu Sheria ya Dawa za Kulevya ya 1995. Nikaandika kwa wino mwekundu kwamba sheria hiyo ilifutwa mwaka uliotangulia na ikaja nyingine. Karatasi ya tano ilinisimamisha. Maneno yalikuwa yaleyale, mfano uleule, hata mpangilio wa aya. Yalikuwa maneno yangu. Walikuwa wamekariri maelezo yangu ya darasani, ambayo sikuyagusa kwa miaka mitatu na ambayo yalikwisha pigwa chapa na kuuzwa pale kwenye vibanda vya fotokopi kama "desa". Nilifuta wino mwekundu nilipoweza. Mtu mwenye shahada ya uzamivu alikuwa amewafundisha vijana sheria iliyokufa, nao walimwamini kwa kuwa alikuwa na shahada ya uzamivu.

Huo ndio ufundishaji wetu. Mhadhiri husoma, mwanafunzi hunakili. Mhadhiri hutunga swali kutoka kwenye alichokisoma, mwanafunzi hurudisha alichokinakili. Darasa likiwa na mamia ya watu hakuna mjadala unaowezekana, na vikundi vya semina, ambavyo zamani ndivyo vilivyokuwa moyo wa masomo ya sheria, vimekuwa orodha ya mahudhurio tu. Mwanafunzi anaweza kufika mwaka wa mwisho bila kusoma hukumu moja nzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Siku hizi hana hata kisingizio cha maktaba: hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ziko wazi kwenye tovuti ya TanzLII, bure, na simu iliyo mfukoni mwake inaweza kuzifungua. Ile faida kubwa ambayo chuo kikongwe kilikuwa nayo, yaani rafu ndefu za ripoti za mashauri, imepungua uzito. Kilichobaki ni mwalimu wa kumwonyesha namna ya kuzisoma. Huyo hapatikani kwa kuangalia jina lililo getini.

Liko pia suala la lugha, ambalo wenzangu hulikwepa kana kwamba ni la walimu wa shule za msingi. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Mapema mwaka huohuo, Siku ya Sheria, Rais Magufuli alitangaza kumpandisha Jaji Zepharine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani na kumsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Makofi yakapigwa. Kisha tukarudi madarasani na kuendelea kufundisha mikataba, ushahidi na mwenendo wa mashauri kwa Kiingereza, kwa vijana ambao Kiingereza chao ni cha kukariri, ili wakawatetee wateja wasiokijua kabisa. Sina chuki na Kiingereza. Maandishi mengi ya taaluma hii yamo katika lugha hiyo, na wakili asiyeisoma vizuri ni kipofu wa jicho moja. Lakini tunatoa wahitimu wasioweza kujenga hoja ya kurasa mbili katika lugha yoyote, na kwa hilo vyuo vyetu viko sawasawa. Mpwa wangu, mwenye Kiswahili kizuri kuliko changu, atafika popote atakapokwenda na kuambiwa akiweke kando.

Sasa nije kwenu mliokaa kwenye meza za usaili.

Miaka michache iliyopita niliitwa kuwa mjumbe kutoka nje katika kamati ya kuajiri maofisa sheria wa ofisi moja ambayo sitaitaja. Maombi yalikuwa mengi na muda mfupi. Nilipofika asubuhi nilikuta bahasha zimekwisha tenganishwa katika marundo mawili. Nikauliza kigezo. Ofisa aliyekuwa akiratibu, mtu mpole na mwenye adabu, alijibu bila kusita: "Daktari, hawa ni wa Mlimani, wale ni wa vyuo vingine. Tutaanza na hawa, wakitosha tutaishia hapo." Walitosha. Nilisema maneno mawili matatu ya kupinga, yakaandikwa kwenye muhtasari, tukaendelea. Sikusimama nikatoka. Nilikunywa chai yao na kutia saini. Hadi leo sijui ndani ya rundo la pili alikuwamo nani.

Niliwahi kumsimulia dada yangu kisa hicho nikidhani kitamwelewesha. Siku ile ya simu alinirudishia kama jiwe. "Sasa kaka, wewe mwenyewe umeniambia bahasha zinatengwa. Halafu unataka mwanangu akae kwenye rundo la pili ili wewe uwe na hoja? Ungekuwa hukusoma Mlimani, hicho kiti ungepewa?"

Sikuwa na jibu, na sitajifanya nimelipata baadaye. Yuko sahihi. Mama mwalimu wa shule ya msingi, anayejua kwamba mkopo wa serikali unaweza usitoshe na kwamba baada ya shahada kuna mwaka mwingine wa Taasisi wa kulipiwa, anafanya hesabu kwa kutumia namba alizopewa na dunia. Namba hizo ni zetu. Kila anayetenga bahasha kwa jina la chuo anamfundisha mzazi kununua jina, anakifundisha chuo chenye jina kwamba hakina haja ya kujisumbua, na anakifundisha chuo kisicho na jina kwamba kujisumbua hakuna faida. Halafu matokeo ya 633 yakitoka sote tunashangaa.

Ninachodai si kikubwa. Kila kitivo cha sheria kibandike mlangoni, na kiweke kwenye kijitabu cha udahili, namba chache: wahitimu wake wangapi walikwenda Taasisi mwaka uliopita na wangapi walifaulu kwa mara ya kwanza, wanafunzi wangapi wa mwaka wa kwanza kwa kila mhadhiri, mara ngapi kwa muhula mwanafunzi anaandika kazi ambayo inasomwa, inasahihishwa na kurudishwa, wanafunzi wangapi walihudumia watu halisi katika kituo cha msaada wa kisheria. Nilivipitia vijitabu viwili alivyokuwa navyo mpwa wangu. Nikapitia na cha kwetu. Vina picha za majengo na maneno kuhusu ubora. Pendekezo hili nimelipeleka kwa maandishi katika idara yangu. Limewekwa kwenye ajenda ya kikao kijacho, kwa mara ya pili. Na anayeajiri aache kusoma jalada, asome kazi: ampe mwombaji jalada la shauri na saa mbili, aone anaandika nini.

Kwa binti mwenyewe sikuwa na namba hizo za kumpa, kwa hiyo nilimpa nilichokuwa nacho. Nilimwambia Dar es Salaam ina karibu kila aina ya mahakama iliyopo nchini, kikiwamo kituo cha Temeke kinachoshughulikia mirathi na mashauri ya kifamilia. Lakini Dar ina nauli, ina foleni na ina kodi ya chumba, na "bumu" lina mwisho. Nilimwambia Morogoro ina kituo jumuishi cha utoaji haki, mahakama za ngazi mbalimbali chini ya paa moja, na kwamba mwanafunzi wa Mzumbe mwenye nidhamu anaweza kupanda daladala asubuhi akasikiliza shauri la mauaji, kisha mchana akashuka ngazi kusikiliza la talaka. Nilimwambia kokote atakakokwenda asome hukumu moja nzima kila wiki na asinunue desa, hata liwe langu. Mwisho nikamwomba, kabla hajathibitisha, akakae siku moja kwenye Mahakama ya Mwanzo ya mji wao, nyuma kabisa, asikilize.

Alikwenda, akaninipigia jioni. Alikuwa amesikiliza shauri la mjane na shemeji zake kuhusu nyumba ya vyumba vitatu. Alizungumza kwa dakika arobaini hivi: namna shemeji mkubwa alivyobanwa kwa maswali mafupi, namna mjane alivyoambiwa aketi apumzike kwanza, namna hakimu alivyosoma uamuzi taratibu na kisha kuwaeleza wote haki yao ya kukata rufaa na muda wake.

"Huyo hakimu alisoma wapi?" nikamuuliza.

"Sijui, mjomba. Sikukumbuka kuuliza."

Siku ya mwisho, saa nne usiku, alithibitisha Mzumbe. Sababu aliyompa mama yake ilikuwa kodi ya chumba. Aliyonipa mimi ilikuwa yale majengo ya Morogoro. Huenda zote ni za kweli. Dada yangu hajanipigia simu tangu usiku ule. Salamu zake huniletea binti.